Mama mkwe mwenye majina matatu: Waturuki wa Bulgaria na karatasi zao

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa na Mturuki, tunaishi Bursa. Mavyaa wangu alizaliwa Bulgaria mwaka 1958, katika kijiji ambacho yeye husema kiko Koşukavak. Familia ilivuka kuja Uturuki Julai 1989, mume wangu akiwa na miaka miwili. Juzi tulifungua sanduku lake la karatasi ili tuulizie pensheni ya miaka aliyofanya kazi kwenye tumbaku, na tujue kama wanaweza kupata pasipoti ya Bulgaria. Cheti cha kuzaliwa kina jina moja, pasipoti aliyovukia mpaka ina jina jingine kabisa la Kikristo, na kitambulisho cha Uturuki kina jina la tatu. Koşukavak kwenye ramani siioni. Nilipomuuliza jina lake la kweli ni lipi, alinyamaza akaenda jikoni, na kwa siku mbili hakuzungumza nami vizuri. Shemeji yangu anasema watu wa kule ni Wabulgaria waliosilimu. Jirani anasema walikwenda Bulgaria kutafuta kazi, kama Waturuki wa Ujerumani. Naogopa tutaambiwa karatasi ni za kughushi. Ukweli ni upi, na tuanzie wapi?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na hofu yako kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi. Karatasi za mavyaa wako si za kughushi. Mwanamke aliyezaliwa kijiji cha Waturuki wa Bulgaria mwaka 1958 na kuvuka mpaka 1989, akiwa na jina moja tu katika karatasi zake zote, huyo ndiye angenitia wasiwasi. Majina matatu ndiyo hali ya kawaida ya kizazi chake, na kila jina lina tarehe yake. Ukishazijua tarehe hizo, sanduku lile litasomeka lenyewe.

Jirani yako amechanganya habari mbili. Waturuki wa Ujerumani walikwenda kwa mkataba wa kazi uliotiwa saini tarehe 30 Oktoba 1961. Walipanda treni na ndege, wakahamia nchi ya watu. Waturuki wa Bulgaria hawakuhamia Bulgaria. Mababu zao walikuwako kabla nchi hiyo ya sasa haijazaliwa. Waosmani waliziteka ardhi za Bulgaria mwishoni mwa karne ya 14, na kwa karibu miaka 500 wakulima, wafugaji wa kuhamahama na mafundi kutoka Anatolia walikaa huko, hasa katika sehemu mbili: kusini kwenye milima ya Rodopi ya mashariki, mji wake mkubwa Kardzhali, na kaskazini-mashariki kwenye nyanda za Deliorman na Dobruja, kuanzia Shumen na Razgrad hadi Silistra karibu na mto Danube. Baada ya vita vya Urusi na Uturuki vya 1877–78, Mkataba wa Berlin wa 1878 ukaizaa Bulgaria kama nchi iliyojitawala kwa mambo ya ndani tu, na uhuru kamili ukaja 1908. Mababu wa mavyaa wako walibaki pale pale. Mpaka ndio uliowavuka.

Shemeji yako naye, pengine bila kujua, anarudia maneno ambayo serikali ya Bulgaria iliyatumia kama silaha. Ni kweli kwamba katika miaka 500 watu walioana na kusilimu. Hakuna kabila Balkani ambalo damu yake haikuchanganyika. Ni kweli pia kwamba wako Waislamu ambao lugha yao ya mama ni Kibulgaria. Hao huitwa Wapomaki na ni jamii nyingine. Lakini mavyaa wako alilelewa kwa Kituruki, nyimbo za kubembelezea watoto anazozijua ni za Kituruki, na cheti chake cha 1958 kina jina la Kituruki kwa sababu wakati huo dola yenyewe ilikiri kuwa Waturuki wapo. Kauli ya kwamba "hawa ni Wabulgaria waliosahau asili yao" ilifanywa msimamo wa serikali miaka ya 1980, na kazi yake ilikuwa kuhalalisha jambo moja: kuwabadilisha majina.

Jambo hilo halikuanza siku moja. Kwa muda mrefu dola ya Bulgaria ilikuwa ikiwaambia Waturuki maneno mawili kwa wakati mmoja: kaeni, na ondokeni. Mkataba wa urafiki wa 1925 kati ya Ankara na Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, uliruhusu kuhama kwa hiari. Mwaka 1934 vijiji na miji mingi yenye majina ya Kituruki ilipewa majina ya Kibulgaria kwa amri ya serikali, na hapo ndipo Koşukavak yako ilipopotea: tangu mwaka huo inaitwa Krumovgrad. Mestanlı ikawa Momchilgrad, Eğridere ikawa Ardino, Kemallar ikawa Isperih, Osman Pazar ikawa Omurtag. Wenyeji wakaendelea kutumia majina ya zamani nyumbani, na mavyaa wako anayatumia hadi leo. Kwa hiyo tafuta Krumovgrad, mkoa wa Kardzhali, na kijiji chake nacho kitafute kwa majina mawili.

Wakomunisti waliposhika nchi mwaka 1944 waliahidi usawa, na kwa miaka michache shule za Kituruki zilistawi, ingawa mwaka 1946 zilichukuliwa na serikali. Kisha mashamba yakakusanywa kuwa ya ushirika, wakulima wa Dobruja wakapinga, na Agosti 1950 Sofia ikaitaka Uturuki ipokee watu 250,000 ndani ya miezi mitatu. Walivuka takriban 154,000 hadi mwisho wa 1951. Mkataba wa 1968 wa kuunganisha familia zilizotengana ukawatoa wengine zaidi ya 100,000 katika miaka kumi iliyofuata. Zingatia mawimbi haya, kwa sababu haki za mtu kuhusu uraia na pensheni hutegemea alivuka katika wimbi gani. Wako ni wa 1989.

Sasa tufike kwenye jina la pili. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 uchumi wa Bulgaria ulikuwa unayumba, uzazi wa Wabulgaria ulikuwa umeshuka kuliko wa Waturuki, na viongozi waliokumbuka Cyprus ya 1974, Uturuki ilipopeleka jeshi huko, waliingiwa na hofu kwamba siku moja Uturuki ingedai maeneo yenye Waturuki wengi. Todor Zhivkov, kiongozi wa Kikomunisti aliyekuwa madarakani tangu 1954, na wenzake wakachagua dawa mbaya: kama hakuna jina la Kituruki kwenye daftari, basi hakuna Mturuki nchini. Walikuwa wamekwisha kuifanya kwa Wapomaki miaka ya 1970. Wakaiita "mchakato wa kuzaliwa upya".

Ulianza Desemba 1984 kwenye mkoa ule ule wa Kardzhali. Alfajiri, askari wenye mbwa na magari ya kijeshi walizingira kijiji, barabara zikafungwa, simu zikakatwa. Watu wakaitwa nyumba kwa nyumba hadi ofisi ya kijiji, wakawekewa orodha ya majina ya Kibulgaria na kuambiwa wachague, kisha watie saini kwenye fomu ya "ombi". Wengi walichagua jina linaloanza na herufi ile ile ya jina lao, kama mtu anayeokoa kipande cha kitambaa nyumba ikiungua. Aliyekataa alikosa mshahara, alifukuzwa kazi, au alifungwa. Mamia walipelekwa kambi ya Belene, kwenye kisiwa cha mto Danube. Tarehe 26 Desemba 1984, katika maandamano karibu na kijiji cha Mogilyane, askari walifyatua risasi na mtoto wa kike wa miezi 17, Türkan, akauawa akiwa amebebwa na mama yake. Kijiji cha Yablanovo kilijaribu kujilinda Januari 1985, kikavamiwa kwa vifaru. Kufikia Machi 1985 watu zaidi ya 800,000 walikuwa wamebadilishwa majina. Kuongea Kituruki hadharani kukawa kosa la kutozwa faini, tohara ikapigwa marufuku, na mawe ya makaburi yenye maandishi ya Kituruki yakafutwa. Hata marehemu walipewa majina mapya kwenye madaftari, ili baba wa mtu asije akawa na jina lisilolingana na la mwanawe.

Kwa hiyo, ukikuta kwenye jalada la manispaa fomu yenye saini ya mavyaa wako inayosema "naomba kwa hiari yangu nibadilishiwe jina", usishtuke na usimwonyeshe ghafla. Karibu wote wanayo. Ndivyo ilivyopangwa.

Ukitaka mfano wa mtu anayejulikana dunia nzima, mtazame Naim Süleymanoğlu, mnyanyua vyuma. Alizaliwa 1967 katika kijiji cha Ptichar, mkoa wa Kardzhali, akiitwa Naim Süleymanov. Mwaka 1985 magazeti ya Bulgaria yakaanza kumwandika Naum Shalamanov. Desemba 1986, akiwa mashindanoni Melbourne, aliwatoroka walinzi wake na kuomba hifadhi Uturuki, ambako akawa Süleymanoğlu. Uturuki ililipa zaidi ya dola milioni moja ili Bulgaria iridhie ashiriki Olimpiki ya Seoul ya 1988, naye akanyanyua jumla ya kilo 342.5 katika uzito wa kilo 60, akatwaa dhahabu. Majina matatu, mtu mmoja. Kwa mavyaa wako ni vivyo hivyo, isipokuwa yeye hakuwa na kamera zilizomfuata.

Mei 1989 Waturuki walianza kuandamana na kugoma kula, wengine wakafukuzwa nchini. Tarehe 29 Mei Zhivkov alihutubia kwenye televisheni na kuitaka Uturuki ifungue mpaka. Ikafungua. Kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi usiku wa 21 Agosti, Uturuki iliporudisha sharti la viza, watu zaidi ya 300,000 walivuka, wengi kwenye kituo cha Kapıkule karibu na Edirne, friji na magodoro yakiwa juu ya paa za magari. Walipewa pasipoti za kusafiria kama watalii, na ndiyo maana Wabulgaria huliita tukio hilo "matembezi makubwa". Neno hilo linauma, lakini kisheria ni la thamani kwenu, kwa sababu mtalii hapotezi uraia wake. Waliohama 1950–51 na wale wa mkataba wa 1968 mara nyingi walitoka na uraia ukakatika. Waliovuka kiangazi cha 1989, kwa sehemu kubwa, walibaki raia wa Bulgaria hata kama hawakulijua hilo kwa miaka 30.

Zhivkov aliangushwa tarehe 10 Novemba 1989. Tarehe 29 Desemba chama chenyewe cha Kikomunisti kikatangaza kuacha sera ile, na Machi 1990 ikapita sheria ya kurudisha majina: kwanza kupitia mahakama, na baada ya marekebisho ya mwaka huo huo, kwa maombi tu ofisini. Waliorudi Bulgaria kutoka Uturuki, kama 150,000 hivi, na wale ambao hawakuondoka, wengi walirudisha majina yao. Sensa ya 2021 ilihesabu Waturuki 508,378 nchini Bulgaria, asilimia 8.4. Bunge la Bulgaria lililaani sera hiyo tarehe 11 Januari 2012 na kuyaita yaliyotokea 1989 kuwa aina ya kufagia watu kwa sababu ya kabila lao.

Sasa tuyasome makaratasi. Nitatumia mtu wa mfano, maana sijui majina ya mavyaa wako na sihitaji kuyajua.

Tuseme alizaliwa Hatidzhe Mehmedova Osmanova. Wewe mtu wa kwetu utaona mara moja kwamba huyu ni Khadija Muhamadi Athumani: jina lake, la baba, la ukoo, kama tunavyojiita sisi, ila Kibulgaria kimeongeza -ova kwa sababu ni mwanamke. Hilo ndilo jina la 1958. Mwaka 1985 akawa, kwa mfano, Hristina Mihaylova Ognyanova. Herufi za kwanza ni zile zile, H, M na O. Hilo ndilo lililo kwenye pasipoti ya 1989, na lazima liwe hilo, kwa sababu Julai 1989 hakuna aliyekuwa amerudishiwa jina. Alipofika Uturuki akaandikishwa Hatice Yıldız. Sheria ya Uturuki ya 1934 inamtaka kila raia awe na jina la ukoo, kwa hiyo wahamiaji walichagua au walipewa jina jipya ambalo halina uhusiano wowote na Osmanova. Kama angerudi Bulgaria baada ya 1990, angepata la nne: Hatidzhe Mehmed Osman, bila vile viambishi.

Tahajia nayo inapoteza watu. Jina la Kituruki liliandikwa kwa herufi za Kisirili, ambazo Kibulgaria huandikiwa, kisha likarudishwa kwenye herufi za Kilatini kwa kanuni za Bulgaria. Herufi c ya Kituruki, inayosomeka kama j yetu, hutokea upande wa pili kama dzh. Ş huwa sh. Ü huwa yu. Ğ mara nyingi huwa g. Ndiyo sababu Hatice na Hatidzhe ni jina moja, na Gülsüm na Gyulsyum vilevile. Karani asiyejua hili atakuambia ni watu wawili.

Kitu ambacho hakikubadilika ni namba. Tangu 1977 kila raia wa Bulgaria ana namba ya utambulisho yenye tarakimu 10, inayoitwa EGN. Sita za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa: aliyezaliwa 14 Machi 1958 huanza na 580314. Tatu zinazofuata zinaonyesha mkoa na mpangilio wa uandikishaji, na ile ya tisa ni witiri kwa mwanamke, shufwa kwa mwanamume. Ya kumi ni ya kuhakiki. Waliobadilisha majina 1985 hawakubadilisha EGN. Itafute kwenye pasipoti ya 1989, kwenye kitabu chake cha kazi na kwenye kitambulisho cha Bulgaria kama kimebaki. Ukikuta EGN moja chini ya majina mawili, umeshika uzi.

Kaeni mezani, chukueni karatasi moja kubwa, mwandike kila hati kwa mpangilio wa tarehe: hati gani, ya lini, jina lililomo, kijiji, EGN. Pigeni picha pande zote mbili. Msizitie plastiki, maana hati iliyofunikwa haiwezi kugongwa muhuri na baadhi ya ofisi huikataa.

Mnyororo wa ushahidi wa majina una nusu mbili, na wengi hukwama kwa kudhani ofisi moja inaweza kuzithibitisha zote. Nusu ya Bulgaria huthibitishwa na manispaa ilipo kumbukumbu ya kuzaliwa, kwenu Krumovgrad: ombeni nakala ya cheti cha kuzaliwa pamoja na hati ya kuthibitisha kwamba mtu mwenye majina tofauti ni yule yule. Manispaa itaandika majina yaliyomo katika madaftari yake tu. Jina la Kituruki hailijui. Nusu hiyo ya pili hutoka Uturuki: dondoo kamili la daftari la familia, vukuatlı nüfus kayıt örneği, ambalo hupatikana hata kwa e-Devlet, yaani tovuti ya huduma za serikali ya Uturuki, na hati ya ulinganifu wa majina ambayo wahamiaji huiita isim denklik belgesi, ofisi ya nüfus, yaani ya uandikishaji wa raia, ya wilaya yenu itawaelekeza inatolewa wapi. Kiungo cha nusu hizo mbili ni lile jina la 1985 alilovukia mpaka. Yaani jina analolichukia ndilo linalomthibitisha. Mwelezeni hivyo mapema, asije akalichana.

Uturuki na Bulgaria zote ni wanachama wa mkataba wa apostili, ule muhuri unaoifanya hati ya nchi moja ikubalike nchi nyingine, kwa hiyo hati ya Kituruki hugongwa apostili kwa kaymakam (mkuu wa wilaya) au valilik (ofisi ya mkuu wa mkoa) kisha hutafsiriwa. Kwa kuzaliwa na ndoa, ombeni kwanza ile fomu ya lugha nyingi, Formül A ya kuzaliwa na Formül B ya ndoa. Mara nyingi hukubaliwa bila tafsiri.

Na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo familia nyingi hukosea. Kama mavyaa wako hakuwahi kurudi kurudisha jina, daftari la Bulgaria bado linamwita kwa jina la 1985. Akiomba pasipoti leo, itatoka kwa jina hilo la kulazimishwa, na baadaye mtahangaika kulibadilisha kila mahali. Rudisheni jina kwanza, pasipoti baadaye. Utaratibu ni wa kiofisi, hauhitaji hakimu: maombi ya maandishi kwa meya wa manispaa ilipo kumbukumbu ya kuzaliwa, sahihi yake ikiwa imethibitishwa. Akiwa Uturuki anaweza kuithibitishia kwenye ubalozi mdogo wa Bulgaria unaohudumia mkoa wenu. Jina litakalorudi ni lile la kabla ya mabadiliko. Kuliingiza jina la ukoo la Kituruki katika daftari la Bulgaria ni kesi nyingine.

Mume wako ana hali yake peke yake. Amezaliwa 1987, katikati ya miaka ile. Hana jina la "kabla": kumbukumbu yake ya kuzaliwa iliandikwa moja kwa moja kwa jina la Kibulgaria, na la baba yake pia la Kibulgaria. Inawezekana hajawahi kuiona. Anayo EGN, inaanza na 87, na kwa kuwa alizaliwa na wazazi raia, yeye ni raia wa Bulgaria kwa kuzaliwa. Atahitaji hati yake mwenyewe ya majina tofauti, na itakuwa rahisi zaidi kama wazazi watakuwa wamekwisha kurudisha yao, maana jina lake la kati linatokana na la baba.

Wewe mwenyewe kuwa mwangalifu. Bulgaria na Uturuki huruhusu uraia wa nchi mbili, lakini sheria ya Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Usitie saini ombi lolote la uraia kwa sababu tu familia nzima inatia. Mkiwa na watoto, fikirieni nao: watatakiwa kuchagua wakifika utu uzima.

Kuhusu pensheni, matumaini yapo, ila kiasi msikitarajie kikubwa, kwa sababu mishahara ya ushirika wa tumbaku ilikuwa midogo. Kuna makubaliano ya 1998 kati ya nchi hizi mbili ya kulipa pensheni za Bulgaria kwa walioko Uturuki. Hati kuu ni kitabu cha kazi, trudova knizhka. Kitazameni ukurasa wa kwanza: mara nyingi jina la zamani limekatwa kwa kalamu na la 1985 kuandikwa juu yake. Mkato ule si kasoro, ni ushahidi, ilimradi una muhuri. Kama kitabu kimepotea au ushirika ulivunjika, madaftari ya mishahara ya taasisi zilizofungwa hukabidhiwa kwa taasisi ya hifadhi ya jamii ya Bulgaria, NOI, tawi la mkoa; ombeni hati ya kuthibitisha muda wa kazi na nyingine ya mapato. Katika ombi andikeni majina yake yote pamoja na EGN, kwa sababu daftari la 1979 lina Hatidzhe na la 1987 lina Hristina, na karani akitafuta jina moja atawapa nusu ya miaka. Anzieni SGK ya Bursa, yaani taasisi ya hifadhi ya jamii ya Uturuki, wawaeleze njia ya kutuma ombi.

Kazi hii mnaweza kuifanya wenyewe kwa sehemu kubwa. Wakili aliyesajiliwa Bulgaria mtafuteni ikiwa kumbukumbu ya kuzaliwa haionekani, ikiwa tarehe ya kuzaliwa ya Uturuki na ya Bulgaria hazilingani, ikiwa EGN mbili tofauti zimejitokeza, au manispaa ikikataa kwa maandishi. Msilipe mtu wa kati anayedai "ana mtu ndani". Bursa wapo wa aina hiyo. Kabla ya wakili, nendeni chama cha wahamiaji wa Balkani, BAL-GÖÇ, kiko mjini kwenu, na wanachama wake wengi wamekwisha kupita njia hii hii.

Na yule mama aliyekwenda jikoni. Ulimuuliza jina lake la kweli bila nia mbaya, lakini swali kama hilo aliwahi kuulizwa na mtu mwenye bunduki. Usilirudie. Kama hapati usingizi, analia ovyo, au anatetemeka karatasi zikiguswa, acheni kwanza, mpelekeni kwa daktari au mshauri wa afya ya akili, na pensheni isubiri. Kama yuko sawa, siku moja baada ya chai mfungulie ramani ya Krumovgrad kwenye simu na umwombe akuonyeshe nyumba yao ilikuwa wapi. Kila atakapotaja kijiji au mto kwa Kituruki, liandike pembeni ya jina la Kibulgaria. Manispaa watakuuliza kijiji kamili, na yeye pekee ndiye anayekijua kwa majina yote mawili.